Mtoto Amepita Mtihani. Je, Amejifunza?

Kama kawaida ninakuomba uvute kiti karibu na redio, na kama kuna watoto hapo nyumbani, waite nao waje wasikilize, kwa maana mazungumzo ya leo yanawahusu wao. Na wewe unayeyasoma haya katika kijitabu, tafadhali msomee na jirani ambaye hakupata nafasi ya kusikiliza.

Najua wengine mtashangaa. Mtasema, huyu sista tumemzoea akituhubiria juu ya malaria, chanjo na kunawa mikono, leo ana nini na mambo ya shule? Mambo ya alama na mitihani si tuwaachie walimu? Ngoja nikusimulie kisa kimoja, kisha wewe mwenyewe utaamua kama jambo hili ni la walimu peke yao.

Ilikuwa mwaka 2019, wakati wa mvua ndefu, na visa vya kuhara vilikuwa vingi kama inavyokuwa maji ya mvua yanapoingia visimani. Asubuhi moja alikuja mama mmoja katika kituo chetu cha afya akiwa na mtoto mgongoni, mvulana wa miezi 11. Aliandamana na binti yake mkubwa aliyekuwa darasa la saba, akiwa amevaa sare ya shule. Mtoto alikuwa ameendesha kwa siku tatu. Macho yalikuwa yameingia ndani, alikuwa akilialia bila kutulia, na nilipomkaribishia kikombe cha maji alikishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyevuka jangwa. Nilipobana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili kisha nikaiachilia, haikurudi mara moja. Ilirudi polepole. Hiyo, msikilizaji, ni dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Alikuwa bado hajafika kiwango cha kuwekewa maji kwa mshipa, lakini alikuwa njiani.

Nikamuuliza mama amempa nini nyumbani. Akasema amempa chai ya rangi, na maziwa ya mama ameyaachisha kwanza kwa sababu aliambiwa na jirani kwamba maziwa ndiyo yanayoongeza kuhara. Hili si kweli, na nitalirudia kila juma mpaka mnichoke: mtoto anayehara aendelee kunyonya, tena zaidi ya kawaida.

Tulimpima uzito, akawa na kilo 8. Mtoto wa hali hiyo tunampa mililita 75 za maji ya ORS kwa kila kilo katika muda wa saa nne, kwa hiyo yeye alihitaji mililita 600. Tukachanganya, tukampa mama kikombe na kijiko, akaanza kumnywesha kidogo kidogo. Ndipo mama alipotulia na kuanza mazungumzo. Akamwonyesha yule binti kwa kidole, akaniambia kwa fahari, "Sista, huyu dada yake ana akili sana. Muhula uliopita alikuwa nambari tatu, na sayansi alipata 92."

Nikafurahi. Nikamgeukia binti, nikamuuliza kama wamewahi kufundishwa juu ya mtoto anayehara. Akasimama wima, mikono nyuma, kama yuko mbele ya mkaguzi wa shule. Akanijibu kwa sauti ya darasani, bila kusitasita: dalili za kupungukiwa na maji ni macho kuingia ndani, midomo kukauka na ngozi kupoteza mnyumbuko wake. Maji ya chumvi na sukari hutengenezwa kwa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kila neno lilikuwa sawa. Hata mimi ningempa alama zote.

Nikamuuliza polepole, maana sikutaka aone kama ninamlaumu, "Sasa mwanangu, mbona hukumwambia mama siku ile ya kwanza?"

Akamtazama mdogo wake, akatazama chini. Akasema, "Sista, mimi nilidhani ile ni ya mtihani."

Msikilizaji, nimekaa na maneno hayo miaka mingi sasa. Mtoto alikuwa na dawa kichwani, ndugu yake analala naye kitanda kimoja, sukari na chumvi ziko jikoni, na ujuzi wenyewe haukuvuka kutoka kwenye daftari kwenda kwenye kikombe. Alipewa 92, na ndugu yake akakaribia kuwekewa maji ya mshipa.

Kabla hamjamhukumu mwalimu wake, niruhusuni niseme kosa langu kwanza. Mwalimu yule hakuwa peke yake. Kama muuguzi wa jamii, nilikuwa nikizunguka shule za msingi za eneo letu kutoa mafunzo ya afya, na shule ile nilikuwa nimefika. Nilisimama mbele ya watoto gwarideni, nikasema, "Tunanawa mikono wakati gani?" Wakajibu kwa pamoja, "Baada ya kutoka chooni, sista!" Nikauliza tena, wakajibu tena kwa nguvu zaidi. Nikajaza fomu yangu kwamba wanafunzi wamefikiwa na mafunzo, nikapanda bodaboda nikaenda zangu. Nilipokuwa nikitoka langoni nilipita kando ya vyoo. Hapakuwa na mtungi wa maji wala kipande cha sabuni. Niliona kwa macho yangu, wala sikurudi kumwambia mwalimu mkuu. Fomu ilikuwa imekwisha kujaa. Hiyo fomu ilikuwa ndiyo alama yangu mimi.

Na huko shuleni mwenyewe nilisoma vivyo hivyo. Nilifanya mtihani wa KCPE mwaka 2004. Alama ya juu kabisa ilikuwa 500, na matokeo yalipotoka kijiji kizima kilijua umepata ngapi, hata muuza mboga. Tuliamka saa kumi za usiku, tukasoma kwa taa ya kandili, macho yakiwasha kwa moshi. Mwalimu aliandika swali na jibu, nasi tukaimba. Nilijua kwamba ini hutengeneza nyongo. Lakini nyumbani kila sikukuu tukichinja mbuzi, mimi nikipewa kazi ya kuosha matumbo, sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kile kifuko cha kijani ambacho mjomba alikiondoa kwa uangalifu kisipasuke ndicho kile nilichopatia alama. Mjomba hakufika darasa la nne, lakini alijua nyongo ni nini kuliko mimi.

Nilipofika chuo cha uuguzi nikaendelea na mazoea yale yale. Tulifundishwa hesabu ya matone ya maji ya mshipa. Unachukua kiasi cha maji kwa mililita, unazidisha kwa idadi ya matone katika mililita moja, unagawanya kwa dakika. Katika karatasi ya mtihani nilipata swali hilo lote. Baadaye nikapelekwa wodini kwa mazoezi, usiku, nikaambiwa mgonjwa mmoja mzee apewe mililita 500 kwa saa nne. Mpira wa kutundikia ulikuwa wa matone 20 kwa mililita. Hesabu niliifanya kichwani mbio mbio: elfu kumi gawanya kwa 240, ni kama matone 42 kwa dakika. Vizuri. Kisha nikasimama pale mbele ya chupa na kile kigurudumu cha kubania, nikijaribu kuhesabu matone huku natazama saa, nikapotea. Nikaanza upya, nikapotea tena. Maji yalikuwa yakienda mbio kupita kiasi, na mgonjwa mzee akijazwa maji mbio namna ile yanaweza kumwingia mapafuni.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja wa siku nyingi, mwenye cheti tu, si diploma. Alikuja taratibu, akaniambia, "Binti yangu, usihesabu dakika nzima, utachoka. Hesabu robo dakika. Ukiona kumi au kumi na moja, umefika." Akashika kile kigurudumu kwa kidole gumba, akakisogeza kidogo, akatazama saa yake, basi. Robo dakika mara nne ni dakika. Hesabu hiyo ni ya darasa la tatu. Nilikuwa na alama zaidi yake katika kila karatasi, na usiku ule ningemwamini yeye na mama yangu mzazi, si mimi.

Sasa, sitaki mtu atoke hapa akasema sista amesema mitihani ni bure. La hasha. Mimi mwenyewe bila gredi ya C katika KCSE, na C katika Biolojia, nisingeingia chuoni kusomea uuguzi. Alama ni mlango. Mzazi anayeuza ng'ombe kulipa karo ana haki ya kutaka kujua kama mtoto anasoma au anacheza, na ripoti fomu humpa habari fulani. Mzazi maskini anajua kabisa kwamba mtoto wa tajiri akianguka ana pa kuangukia, na wake hana. Hofu hiyo ninaiheshimu, nami nimelelewa ndani yake. Ninachosema ni kwamba alama hupima kile mtoto alichoweza kukumbuka asubuhi moja, kwa maswali yale, akiwa ameketi kimya. Haipimi kama atakumbuka mwezi ujao, wala kama atajua kwamba swali lililokuwa kwenye karatasi ndilo lile linalolia kitandani.

Kukumbuka nako kuna siri zake. Mjerumani mmoja aitwaye Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe ya kukariri na kusahau, akaandika kitabu mwaka 1885. Aligundua kwamba kitu kilichokaririwa kwa mkupuo mmoja hupotea haraka sana katika saa na siku za kwanza, lakini kikirudiwa kwa kupumzishwa, leo kidogo, kesho kidogo, juma lijalo tena, hukaa. Nyanya zetu walilijua hilo bila kuandika kitabu. Hakuna nyanya aliyewahi kumfundisha mjukuu kupika ugali kwa usiku mmoja kabla ya mtihani wa ugali.

Lakini kilichonifanya nilete mada hii redioni si hisia tu. Ni wagonjwa. Katika kila muhula, hasa wiki za mitihani, tunaona watoto wanaoletwa kituoni na magonjwa ambayo maabara haiyaoni. Nitakupa mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo fulani ili mwenyewe asijulikane.

Baba mmoja alimleta kijana wake wa miaka 13. Tumbo linauma, kichwa kinauma, chakula hataki. Tukapima malaria, hakuna. Tukapima choo, safi. Tukapima mkojo, safi. Baba akasema nimpe sindano ili awahi kurudi shule kwa sababu kuna mtihani wa majaribio. Nikamuuliza baba, "Mzee, haya maumivu huja siku gani?" Akafikiri. Akasema huja Jumatatu, na wakati wa likizo hupotea kabisa. Nikaomba nizungumze na kijana pekee yake kwa muda, mlango ukiwa wazi. Ndipo nikasikia kwamba alikuwa amezoea kuwa nambari mbili, akaanguka hadi nambari tisa, na baba akamchapa viboko saba, kimoja kwa kila nafasi aliyoshuka. Tangu hapo alikuwa analala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri. Saa tano tu za usingizi! Na kile alichokuwa akisoma usiku hakikuingia. Aliniambia, "Nasoma ukurasa mmoja mara tatu, nikifunga kitabu siukumbuki."

Msikilizaji mzazi, hapo hakuna uvivu wala uchawi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala muda wa saa 9 hadi 12 katika siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Wakati mtoto amelala, ubongo wake unapanga na kuhifadhi yale aliyosoma mchana. Ukimnyima usingizi ili asome zaidi, unafanya kama mtu anayejaza maji kwenye pipa huku amefungua bomba la chini. Na maumivu ya tumbo yanayotokana na hofu ni maumivu ya kweli. Mtoto hadanganyi. Usimwambie anajifanya.

Usingizi pia si dawa ya kila kitu. Ukiona mtoto amejitenga na wenzake, ameanza kukojoa kitandani upya baada ya kuacha, ameacha kula, au anasema maneno kama "afadhali nisingezaliwa" au anazungumza juu ya kufa, usingoje muhula uishe. Mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake. Kuna pia simu ya watoto, nambari 116, ambayo mtoto au mtu mzima anaweza kupiga bila malipo.

Kuhusu viboko nitasema kwa ufupi. Shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa kimwili au kiakili, na inakataza pia masomo ya ziada ya likizo. Wengi wetu tunazijua sheria hizi na kuzipita kando, kama nilivyopita kando ya vile vyoo. Yule baba hakuwa mtu mbaya. Aliniambia yeye mwenyewe aliacha shule kwa kukosa karo na hataki kijana wake aje kubeba mawe kama yeye. Tulizungumza muda mrefu. Hakuahidi chochote siku ile, lakini sindano hakuidai tena, na alimshika kijana bega walipokuwa wakitoka.

Sasa kuna watakaosema, "Sista, hayo yalikuwa ya 8-4-4. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa tuna mtaala wa umilisi, mtoto anajifunza kwa vitendo." Ni kweli, na nia yake naipenda. Lakini ugonjwa wa zamani umenunua nguo mpya. Juzi tu katika foleni ya kliniki nilisikia mama mmoja akimuuliza mwenzake, "Wako amezidi matarajio mangapi?" Sauti ilikuwa ile ile ya "wako amepata ngapi?" Na ile miradi ya vitendo, ni nani anayeitengeneza? Nimemtembelea mama mmoja nyumbani saa mbili usiku kumwangalia mtoto mchanga, nikamkuta ameketi sakafuni, gundi mikononi, anashona sanamu ya kuogofya ndege. Mwenye mradi alikuwa amelala zamani. Asubuhi sanamu ilipelekwa shuleni, ikasifiwa. Mama ndiye aliyezidi matarajio! Tulicheka wote wawili, lakini nilimwambia afadhali mtoto apeleke sanamu iliyopinda, iliyo yake.

Basi nyumbani tufanye nini? Mimi si mwalimu, na sitajifanya. Nitazungumza juu ya yale yanayopita mikononi mwangu.

Mtoto akirudi kutoka shule, pamoja na kumuuliza amepata ngapi, mwambie, "Nionyeshe." Wamefundishwa juu ya kuhara? Mpe chupa tupu ya soda ya nusu lita na pakiti ya ORS, umwambie achanganye mbele yako. Mwache asome mwenyewe maandishi ya pakiti, kwa sababu nyingine ni za nusu lita na nyingine ni za lita moja, na hapo ndipo watu wazima wengi wanakosea. Atumie maji safi ya kunywa. Akishachanganya, akueleze: mtoto aliye chini ya miaka miwili anapewa kama mililita 50 hadi 100 kila anapoendesha, mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee polepole kwa kijiko. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yanamwagwa. Pakiti hizo, pamoja na vidonge vya zinki ambavyo mtoto hupewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, omba kituo cha afya. Mchanganyiko wa sukari na chumvi ni wa kutumia tu kama ORS haipo karibu, na lazima upimwe vizuri, kwa sababu chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Kama hawezi kunywa, amelegea au hazinduki vizuri, hayo si mambo ya jikoni. Mkimbize hospitalini.

Jambo la pili ambalo ninalipenda zaidi ni kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Wengi wenu mnakifunga ndani ya karatasi ya nailoni na kukifungua tu siku ya chanjo. Ndani yake kuna grafu ya uzito. Mtoto wako wa shule ya msingi anafundishwa grafu katika hisabati, anachora mvua ya Januari hadi Desemba ya mji ambao hajawahi kuuona. Mpe kijitabu cha mdogo wake. Mwambie akueleze ule mstari unapanda, umelala au unashuka. Ukilala kwa miezi miwili, au ukishuka, mlete mtoto tumwangalie, hata kama anacheza. Wako akina mama na akina nyanya ambao hawakupata nafasi ya kusoma, na katika nyumba hiyo hiyo kuna mtoto anayeweza kuwasomea. Lakini hajawahi kuombwa.

Na walimu wanaonisikiliza, ninawajua wengi wenu na ninajua mna watoto wengi darasani na karatasi nyingi za kujaza kama mimi. Sikuja kuwafundisha kazi. Ninaomba tu nikija shuleni mnipe dakika arobaini badala ya kumi za gwaride. Siku hizi ninakuja na ndoo, chupa, sabuni na pakiti. Ninachukua darasa moja tu, na kila mtoto anashika. Kelele ni nyingi na maji humwagika. Katika fomu yangu idadi ya waliofikiwa imeshuka sana, na mkubwa wangu aliniita kuniuliza kwa nini. Nilimweleza. Hakufurahi sana, lakini ameniacha niendelee.

Yule mvulana wa miezi 11 alimaliza mililita zake 600 kabla ya saa nane mchana. Akakojoa, akaanza kumvuta mama nguo akitaka kunyonya, nasi tukajua amerudi. Kabla hawajaondoka nilimpa yule dada yake chupa na pakiti, akachanganya ya kwenda nayo nyumbani. Mara ya kwanza alimwaga unga mwingine mezani kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka. Nilimpa pakiti nyingine, tukaanza tena.

Baada ya mwezi mmoja mtoto alipofikisha miezi 12 waliletwa tena, kwa ajili ya matone ya vitamini A. Tulimpima, akawa na kilo 8 na gramu 400. Nikampa dada yake kalamu ya risasi na kile kijitabu, nikamwambia aweke nukta yeye mwenyewe. Alihesabu vile vistari vidogo kwa ncha ya kalamu, akakosea, akaweka juu kidogo. Akaitazama. Bila mimi kusema kitu akaomba kifutio, akafuta, akahesabu upya kuanzia chini, akaweka mahali pake. Kisha akaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita, akamgeuzia mama yake ule ukurasa, akaanza kumweleza kwa lugha ya nyumbani.

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya minyoo. Kwaherini.